Singo, dabo, au Wiki A na Wiki B: ratiba ipi itaifaa shule yako ya sekondari?

Muhtasari wa somo unatoka Taasisi ya Elimu. Mtihani unatoka NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. Vyote viwili mkuu wa shule anavipokea kama vilivyo. Kinachobaki mikononi mwake ni saa: somo gani litakaa asubuhi, lipi litakutana na darasa mara nne kwa wiki na lipi mara mbili, nani ataingia maabara Jumanne. Kwa hiyo karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani katika ofisi ya taaluma ndipo shule inapouunda mtaala wake yenyewe. Mada iliyokosa kipindi haifundishwi, hata kama kitabu kinayo.

Shule nyingi za kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Magu hadi Sengerema, hurithi ratiba ya mwaka uliopita, hufuta majina ya walimu waliohama, huandika ya waliokuja, mambo yanaendelea. Kisha kila Januari unazuka ubishi ule ule chumba cha walimu. Wa kemia anataka dabo, wa hisabati anataka kuliona darasa kila siku, na yule anayefundisha shule mbili anaomba apangiwe wiki kwa wiki. Kila mmoja ana haki kwa somo lake. Ugumu ni kwamba wote wanaugawana ukuta mmoja.

Hapa tunalinganisha mipango mitatu: vipindi vya dakika 40 kimoja kimoja (singo), vipindi viwili mfululizo vya dakika 80 (dabo), na mzunguko wa wiki mbili (Wiki A na Wiki B). Idadi ya vipindi vya kila somo kwa wiki, au kwa wastani wa wiki mbili, haiguswi, kwa sababu hiyo imeelekezwa na wathibiti ubora wakija wataihesabu. Kinachobadilika ni mpangilio wake.

Shule ya mfano

Ili hesabu zisielee hewani, tuchukue shule ya kutwa yenye mikondo miwili kila kidato, yaani madarasa 8, na maabara moja inayotumiwa na fizikia, kemia na baiolojia. Kipindi cha kwanza ni saa 1:30 asubuhi. Vipindi vinne vinaisha saa 4:10, uji dakika 30, halafu vipindi vitano kuanzia saa 4:40 hadi saa 8:00 mchana. Ni vipindi 9 kwa siku, 45 kwa wiki. Ijumaa usivitegemee kipindi cha 8 na cha 9, maana vinagongana na swala. Na somo letu la mfano lina vipindi 4 kwa wiki.

Vigezo

Mipango yote tutaipima kwa mambo matano: dakika ngapi za kufundisha zinabaki baada ya kupoteza zinazopotea, vitendo vinaingia au haviingii, mwanafunzi akikosa siku moja anapoteza kiasi gani, mzigo wa mwalimu, na usumbufu wa kuiendesha ratiba yenyewe.

Lakini kabla ya kigezo chochote, fanya hesabu moja ambayo shule nyingi huiruka. Mwaka wa masomo una siku 194, karibu wiki 38 na ushee. Toa wiki 4 za mitihani ya muhula na ya mwaka, toa 2 za majaribio ya robo muhula, toa nyingine 2 za michezo, mahafali na siku za mvua kubwa ambazo nusu ya darasa haikufika. Unabaki na 30. Somo la vipindi 4 kwa wiki halina vipindi 152, lina 120. Azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha wa mwaka, lililoandikwa kwa 152 linapendeza kwenye faili, ila Septemba mwalimu anajikuta nyuma kwa mada mbili, anaanza kuzikimbiza, na zile zinazokimbizwa ndizo ngumu kwa kuwa ndizo za mwisho. Kidato cha Nne hali ni mbaya zaidi: mtihani wa taifa ni Novemba, kwa hiyo wiki za mwisho za mwaka hawana kabisa.

Hatua ya pili ni kujua vipindi vyako vinavujia wapi. Kwa wiki mbili, kila kiranja wa darasa aandike kwenye shajara la darasa herufi moja mbele ya kila kipindi kilichopungua: K kama mwalimu hakufika, C kama alichelewa zaidi ya dakika tano, M kama mvua au mkutano uliingilia, W kama wanafunzi waliokuwepo hawakufika robo tatu. Mwisho hesabu herufi. Utaona hapo chini kwamba C nyingi zinaelekeza mpango mmoja, W nyingi zinaelekeza mwingine, na K nyingi haziponywi na ratiba ya aina yoyote.

Singo: dakika 40, mara nne kwa wiki

*Muda unaobaki.* Hapa ndipo singo inapoumia. Mwalimu anatoka darasa moja kwenda jingine, anasubiri ubao ufutwe, anaita majina: dakika 5 zimekwenda. Mara 9 kwa siku, kila darasa linapoteza dakika 45, yaani zaidi ya kipindi kizima kila siku ya Mungu. Mvua nayo. Kwetu mvua nyingi zinatoka ziwani usiku au alfajiri na kumalizikia asubuhi, juu ya bati lisilo na dari. Ikipiga kwa nusu saa, mwalimu wa singo hana tena kipindi. Hasikiki, akianza kusikika kengele inalia.

*Vitendo.* Haviingii. Kuonyesha jaribio moja mbele ya darasa kunawezekana, wanafunzi wenyewe kushika vifaa hakuwezekani.

*Mahudhurio.* Hapa singo inang'ara. Aliyekosa Jumatatu amekosa kimoja kati ya vinne, na kesho yake mwalimu anaanza kwa kurudia kidogo, mwanafunzi anaokota alichokikosa. Mwanafunzi wa mwaloni (ufukweni panaposhushwa samaki), wa gulioni au wa geto (chumba cha kupanga) aliyerudi nyumbani kuchukua unga hapotei moja kwa moja.

*Mzigo.* Mwalimu wa kemia aliye peke yake ana madarasa 8 mara vipindi 4, jumla 32. Kwa kuwa mikondo ya kidato kimoja hutumia andalio moja la somo (mpango wa kipindi), anaandika maandalio 16 kwa wiki. Mengi. Matokeo yake unayajua: andalio linaandikwa baada ya kipindi, au la mwaka jana linabadilishwa tarehe.

*Usumbufu.* Mdogo. Kila mtu anaijua, mgeni anaisoma bila kuelezwa, na sikukuu ikidondokea Jumatatu hakuna kinachovurugika sana.

Singo inafaa zaidi hisabati, Kiingereza na Kiswahili, masomo ambayo mkono unahitaji mazoezi ya kila siku. Inafaa pia Kidato cha Kwanza muhula wa kwanza. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba ukimkalisha dakika 80 mfululizo akisikiliza jiografia kwa Kiingereza, dakika ya 35 ameshachoka kutafsiri kichwani. Anakuangalia tu.

Ukiichagua, panga hivi: vipindi vinne vya somo vikae siku nne tofauti, kisiwepo zaidi ya kimoja baada ya saa 6:40, maana hapo njaa ndiyo inayofundisha, na somo moja lisikae kipindi cha kwanza siku zote, kwa sababu wanaochelewa kwa kutembea mbali watakuwa wanalikosa somo hilo hilo mwaka mzima. Hili la mwisho linasahauliwa mno. Mwalimu wa somo la asubuhi analaumiwa kwa matokeo mabaya, kumbe robo ya darasa lake huwa bado njiani.

Dabo: dakika 80, mara mbili kwa wiki

*Muda unaobaki.* Vipindi 9 vinakuwa dabo nne na singo moja: dabo mbili kabla ya uji, dabo mbili baada yake, singo ya mwisho. Kuhama kunashuka kutoka mara 9 hadi 5, dakika 25 badala ya 45. Umeokoa dakika 20 kwa siku, 100 kwa wiki, sawa na vipindi viwili na nusu bila kumwongezea mtu saa ya kazi. Mvua ya nusu saa inakuachia dakika 50.

Angalia jambo moja unapopanga: dabo isipasuliwe na uji. Ipo tabia ya kuweka kipindi cha 4 na cha 5 kama dabo kwa sababu kwenye karatasi vinafuatana. Wanafunzi wanatoka na vikombe, wanarudi wamechelewa dakika kumi, na jaribio walilokuwa wameliacha mezani limeshamwagwa.

*Vitendo.* Tuchukue titresheni, jaribio la kupima ujazo wa myeyuko mmoja unaotosha kummaliza mwingine, kwa kuwa kila shule inaijua. Kugawa vifaa na myeyuko, dakika 10. Maelekezo, 5. Kusuuza bureti na pipeti, kuijaza bureti, kutoa kiputo cha hewa kwenye ncha, 8. Jaribio la kukadiria na mengine matatu ya uhakika, dakika 5 kila moja, 20. Hesabu, 15. Kuosha na kurudisha, 10. Jumla 68. Kwa dakika 80 unabaki na 12 za kuulizana kwa nini kundi moja lilipata sentimita za ujazo 24.8 na jingine 27.1, na majibu huwa ni yale yale: walisuuza chupa ya koniko kwa myeyuko badala ya maji, au walisahau kutoa faneli juu ya bureti ikaendelea kudondosha. Hayo ndiyo mafunzo. Kwa dakika 40 unafika kwenye jaribio la kukadiria, basi.

Tena mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne ni wa saa mbili na nusu. Mwanafunzi ambaye hajawahi kukaa maabara zaidi ya dakika 40 hajawahi kujifunza kugawa muda wake humo.

Na kwa kuwa tupo maabara: uchambuzi wa chumvi huharibiwa na maji kuliko ukosefu wa ujuzi. Maji ya bomba yana kloridi; ukitengenezea myeyuko wako kwa maji hayo, mwanafunzi akidondosha nitrati ya fedha anaona utando mweupe, anaandika kloridi, wakati chumvi uliyompa ni salfati. Amefanya kila kitu sawasawa akakosa. Kama hakuna maji yaliyotoneshwa, ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya dakika za mwanzo ni afadhali kuliko ya bomba. Yajaribu kwanza kwa tone moja la nitrati hiyo hiyo kabla ya kuyatumia.

*Mahudhurio.* Hapa dabo ni katili. Aliyekosa siku moja amekosa nusu ya wiki ya somo. Mei Mosi ikidondokea siku ya dabo yako, darasa zima limekosa nusu ya wiki. Shule yenye W nyingi kwenye shajara ifikirie mara mbili.

*Mzigo.* Maandalio yanashuka kutoka 16 hadi 8 kwa wiki, na hiyo ndiyo sababu walimu huipenda. Ila andalio la dabo si la singo lililovutwa. Linahitaji kuvunjwa: dakika 10 za marudio, 20 za jambo jipya, 30 za wanafunzi kufanya, 15 za kusahihisha pale pale, 5 za kufunga. Asiyelivunja anafundisha dakika 40, anamwachia kiranja daftari aandike notisi ubaoni, anaenda ofisini. Dabo za namna hiyo ni nyingi kuliko tunavyokiri. Mkuu wa taaluma akipita madirishani dakika ya 55 ya dabo yoyote atajua ana dabo au ana singo moja na imla moja.

*Usumbufu.* Wa kati. Tatizo kubwa ni maabara moja. Kwa siku ina nafasi 4 za dabo, Ijumaa 3: jumla 19 kwa wiki. Madarasa 8 mara masomo 3 ya sayansi, kila moja likitaka dabo moja tu ya maabara, ni 24. Hazitoshi. Zile 5 zinazokosa nafasi mara nyingi ni za Kidato cha Pili, kwa kuwa Kidato cha Kwanza bado wanaonewa huruma na cha Tatu na cha Nne wanaogopewa.

Dabo inafaa sayansi, kilimo, uchoraji wa ramani kwenye jiografia, na uandishi wa insha ndefu. Kwa shule zilizoingia mkondo wa amali, yaani wa ufundi, uliofunguliwa na mtaala wa 2023, hata dabo ni fupi. Kazi ya useremala au umeme inataka vipindi vitatu au vinne mfululizo, maana kutoa vifaa stoo na kuvirudisha kwa hesabu peke yake kunakula nusu saa.

Wiki A na Wiki B

Mzunguko una sura mbili. Usizichanganye.

Ule *mwepesi* unagusa maabara tu. Wiki A maabara ni ya mikondo ya A, Wiki B ni ya mikondo ya B. Vipindi vya somo vinabaki 4 kila wiki. Kinachobadilika ni kama ile dabo ya wiki hii iko maabara au darasani.

Ule *mzito* unahamisha vipindi vyenyewe: somo linapata 6 Wiki A na 2 Wiki B. Jumla ya siku kumi ni 8, kama kawaida.

*Muda unaobaki.* Sawa na dabo. Mzito unaokoa kidogo zaidi upande wa mwalimu anayesafiri.

*Vitendo.* Hapa ndipo mzunguko mwepesi unapolipa. Kwa wiki, mikondo 4 mara masomo 3 ni dabo 12. Nafasi ni 19. Zile 7 zinazobaki zinakuruhusu kufanya kitu ambacho dabo ya kawaida haikuruhusu: kugawa darasa kubwa. Kidato cha Tatu na cha Nne wakigawanywa makundi mawili, unaongeza dabo 6, unafika 18. Darasa la wanafunzi 60 lenye bureti 15 ni watu wanne kwa bureti: mmoja anashika, mmoja anaandika, wawili wanapiga soga. Ukiligawa ni wawili kwa bureti, na wote wana kazi. Nusu iliyobaki iwe na mwalimu wa hisabati kwa mazoezi, kisha zibadilishane dabo inayofuata. Isiachwe "kujisomea", kujisomea bila mwalimu dakika 80 ni mpira wa makaratasi.

Lakini 18 kati ya 19 ni kujibana mno. Siku moja ya sikukuu inaangusha foleni nzima. Kidato cha Kwanza wakifanyiwa maonyesho darasani badala ya kuingia maabara, unarudi kwenye 15, na nafasi 4 zinabaki za kutayarisha myeyuko na kufidia.

*Mahudhurio.* Kwa masomo yasiyo ya maabara hakuna tofauti. Kwa vitendo, mwanafunzi aliyekosa zamu yake anasubiri siku 14.

Na hapa shule za mialoni zina jambo lao. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika. Asubuhi baada ya usiku wa giza kuna dagaa wa kuanika na kugeuza, na rejista za shule za karibu na Igombe au Kayenze zinaweza kulionyesha hilo ukizilaza kando ya kalenda ya mwezi. Mwezi unazunguka kwa siku 29 na nusu, mzunguko wako kwa siku 14, mara mbili yake 28. Vinakaribiana mno. Maana yake, kama Wiki A moja ya mkondo fulani imeangukia giza, basi kila Wiki A ya pili itaangukia giza, karibu muhula mzima. Kijana wa mwaloni ataingia maabara mara moja kwa mwezi wakati mwenzake wa mjini anaingia mara mbili, na hakuna aliyekusudia. Dawa yake ni rahisi: katikati ya muhula rudia Wiki A mara mbili, zamu zipishane na mwezi, au weka zamu ya kufidia kwenye zile nafasi 4.

*Mzigo.* Mwepesi unampa fundi wa maabara, kama yupo, nafasi ya kupumua: anatayarisha jaribio moja kwa kidato na kulitumia siku zilizokaribiana. Mzito unamfaa mwalimu anayegawana shule mbili ambazo safari kati yake inakula siku. Anayefundisha Ukara na Ukerewe hawezi kuvuka maji kila asubuhi. Aliye Nyamagana na Ilemela anaweza, kwa hiyo huyo mpangie siku tatu huku na mbili kule ndani ya wiki moja, usimpe mzunguko mzito bila sababu.

*Usumbufu.* Mkubwa kuliko yote. Swali la "leo ni A au B?" litaulizwa mpaka Juni. Andika kwenye ubao wa paredi, kila siku, bila kuruka. Halafu amua mapema kama utahesabu kwa kalenda au kwa siku ya 1 hadi ya 10. Ukihesabu kwa siku, Jumatatu ikiwa sikukuu, Jumanne inabaki kuwa siku ya 1 na hakuna somo linaloonewa. Ila mwalimu wa shule mbili anayekuja Jumatano na Alhamisi tu atajikuta siku zake zimehama. Shule yenye mwalimu wa namna hiyo ihesabu kwa kalenda na ikubali hasara.

Kosa linaloua mzunguko ni kuingiza hisabati na lugha ndani ya ule mzito. Vipindi 2 kwa wiki nzima vya hisabati ni kualika watu wasahau. Hayo yabaki singo, wiki zote.

Kwa hali yako

*Herufi C ndizo nyingi kwenye shajara.* Unapoteza muda kwa kuhama. Dabo itakurudishia vipindi viwili na nusu kwa wiki bila gharama. Anza na sayansi na jiografia.

*W ndizo nyingi.* Wanafunzi hawapo. Kaa kwenye singo kwa masomo yote isipokuwa dabo moja ya vitendo kwa kila sayansi, na dabo hizo uziondoe siku ya gulio. Uji unaopikwa kweli kila siku utakusaidia kuliko ratiba yoyote, lakini hilo ni la kikao cha wazazi.

*Maabara moja, mikondo miwili au zaidi kila kidato.* Mzunguko mwepesi. Ukiwa na mkondo mmoja mmoja, madarasa 4 mara masomo 3 ni dabo 12 kati ya 19. Mzunguko haukuhusu, dabo ya kawaida inatosha na darasa unaweza kuligawa.

*Maabara mbili au tatu.* Dabo, na mzunguko usahau.

*Hakuna maabara bado.* Dabo ya sayansi kila wiki, vifaa vikiletwa darasani kwa sanduku: bureti 6, stendi, chupa za myeyuko, ndoo mbili za maji, moja safi na moja ya kumwagia. Dabo hiyo ipewe darasa la pembeni, lenye upepo unaotoa harufu nje, siyo la katikati ya korido.

*Shule ya bweni.* Mahudhurio si tatizo lako kubwa, kwa hiyo udhaifu wa dabo haukugusi sana. Prepu ya jioni ipewe masomo ya singo ili hisabati ionekane kila siku hata kama ratiba ya mchana imebana.

*Mwalimu mmoja wa sayansi anafundisha yote matatu.* Vipindi vyake ni 96 kwa wiki iliyo na 45. Haiwezekani. Hapo usibishane kuhusu singo na dabo. Amua kwa maandishi, pamoja na bodi, somo lipi litafundishwa na yeye, lipi litasubiri mwalimu wa kujitolea, na mikondo miwili ya kidato ipi itaunganishwa kwa nadharia. Ratiba inayoonyesha masomo yote matatu yana mwalimu inawadanganya wazazi na inakunyima hoja ya kuombea mwalimu.

*K ndizo nyingi.* Usibadilishe chochote kwenye ratiba kwanza. Angalia kama walimu wenye K wana vipindi vya kwanza na wanakaa mbali, kama wana zaidi ya vipindi 30, au kama hawafundishi tu. Ni matatizo matatu tofauti, na ni mawili ya mwanzo tu yanayoweza kutatuliwa kwa penseli na kifutio.

*Umekwama katikati.* Changanya. Kidato cha Kwanza singo muhula wote wa kwanza. Cha Pili singo na dabo moja kwa kila sayansi. Cha Tatu na cha Nne dabo kwa sayansi, singo kwa hisabati na lugha. Ni ngumu kuichora, kwa sababu mwalimu mmoja anaweza kuwa na dabo Kidato cha Tatu inayoanzia kipindi cha 2 wakati ile ya cha Nne inaanzia kipindi cha 1. Kanuni inayookoa: dabo zote za shule zianze vipindi vya namba witiri kabla ya uji, yaani cha 1 na cha 3, na baada ya uji zianze cha 5 na cha 7. Chora dabo za maabara kwanza, kisha walimu wa shule mbili, kisha hisabati na lugha, mwisho ndiyo masomo mengine. Ukianza na mengine utafuta mara kumi.

Badilisha Januari au Julai, kamwe si katikati ya muhula. Baada ya wiki sita, wape viranja shajara tena kwa wiki mbili, hesabu herufi zile zile, uone kama C zimepungua au zimegeuka kuwa W.